SOMO KWA WATUMISHI NA WAKAAZI: KUSAFIRISHA GARI NA VYOMBO VYA NYUMBANI KWA ANAYEHAMIA NCHI ZA NJE

Somo hili limekusudiwa mtumishi wa Serikali anayepangiwa kituo cha kazi nje ya nchi, mwanafunzi anayekwenda masomo ya muda mrefu pamoja na ahali zake, na mkaazi wa Unguja au Pemba anayehama kwa sababu zake mwenyewe. Wote hawa hukutana na jambo moja: mali iliyokusanywa kwa miaka mingi inatiwa katika meli, na mwenyewe hatoiona tena mpaka baada ya wiki kadhaa, katika bandari ya nchi yenye sheria nyengine.

Watu wengi huanza kazi hii kwa kutafuta meli. Mpango huo umekwenda kinyume. Meli hupatikana kwa pesa. Kisichopatikana kwa pesa baada ya mzigo kuondoka ni orodha sahihi, hati yenye maneno yanayotakiwa, na ruhusa ya nchi inayoupokea mzigo. Mali nyingi zinazopotea au kuzuiliwa hazikuzama baharini; zilikwama mezani kwa upungufu wa karatasi.

1. Sheria inayotawala ni ya mwisho wa safari

Kabla ya kuamua kuchukua gari, mwenye gari aulize kwanza kama nchi anayokwenda italipokea. Visiwani gari huendeshwa upande wa kushoto wa barabara, na usukani huwa kulia. Hali ni hiyo hiyo Kenya, Uganda na Uingereza. Oman na nchi nyengine za Ghuba, pamoja na Rwanda, Burundi na Kongo, gari huendeshwa upande wa kulia. Saudia hairuhusu kabisa kuingizwa gari lenye usukani wa kulia. Kwa hiyo anayehamia Ghuba na gari lake la Unguja anaweza kulipa nauli ya meli kisha akashindwa kulisajili.

Umri wa gari nao una sheria zake. Kenya haipokei gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8. Marekani ina masharti ya usalama ambayo magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayayatimizi, na msamaha wa masharti hayo hupatikana gari likifikia umri wa miaka 25. Uingereza ina utaratibu wa kulikagua na kulithibitisha gari lililo chini ya miaka 10 kabla halijasajiliwa, na ukaguzi huo una gharama zake.

Ushuru ni sehemu ya pili ya suali hilo. Nchi nyingi humsamehe ushuru mtu anayehamisha makaazi yake, lakini kwa masharti. Uingereza humtaka mhamaji awe ameishi nje ya nchi hiyo miezi 12 mfululizo, awe amemiliki na kutumia vitu hivyo kwa angalau miezi 6, na avilete ndani ya miezi 12 tangu alipohamia. Haruhusiwi kuviuza, kuviazimisha wala kuvikodisha kwa miezi 12 baada ya kuviingiza. Ruhusa huombwa mapema, kabla mzigo haujafika.

Asiyepata msamaha huo hulipa. Gari lenye thamani ya pauni 5,000, nauli ikiwa imo ndani yake, hutozwa nchini humo ushuru wa forodha wa asilimia 10, yaani pauni 500. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 hutozwa juu ya jumla ya pauni 5,500, nayo ni pauni 1,100. Mwenye gari amelipa pauni 1,600 kwa gari alilokuwa nalo tangu zamani, mbali na nauli. Kwa hesabu hiyo, mara nyingi ni bora gari liuzwe Unguja na pesa zake zisafiri.

2. Watumishi wanaokwenda balozini

Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu Uhusiano wa Kibalozi unatenga makundi mawili, na tofauti yake imewagharimu wengi wasioifahamu. Kifungu cha 36 kinamsamehe mwanadiplomasia ushuru wa vitu vya matumizi yake na ya familia yake, pamoja na vile vya kuanzia makaazi. Kifungu cha 37 kinawapa watumishi wa utawala na ufundi msamaha wa forodha kwa vitu wanavyoviingiza wakati wa kufungua makaazi kwa mara ya kwanza tu.

Maana yake ni kwamba mtumishi wa kundi la pili akipeleka nusu ya vyombo sasa na nusu baada ya mwaka, hana msingi katika mkataba huo wa kudai msamaha kwa ile nusu ya pili. Orodha yake ya mwanzo iwe kamili. Mwanafunzi na anayekwenda kwa ajira ya binafsi hawamo katika mkataba huu, nao hufuata sheria za kawaida za nchi husika.

3. Ujazo na gharama

Vyombo vya nyumbani vinavyochangia kontena na mizigo ya watu wengine hulipiwa kwa mita ya ujazo au kwa tani, kwa kuchukua ile iliyo kubwa zaidi. Uchukuliwe mfano wa familia yenye makasha 40 ya karatasi ngumu, kila moja urefu sentimita 60, upana 40 na kimo 40. Kasha moja ni mita za ujazo 0.096, na makasha 40 ni 3.84. Ikiongezwa sanduku moja la Kizanzibari la njumu, lenye mita 1.2 kwa 0.6 kwa 0.6, jumla inakuwa takriban 4.27. Kila kasha likiwa na kilo 20 na sanduku kilo 60, uzito wote ni kilo 860, yaani tani 0.86. Familia hii italipia 4.27, si 0.86.

Funzo lake ni kuwa vyombo vya nyumbani karibu siku zote hulipiwa nafasi, si uzito. Kitanda kilichokunjuliwa na kufungwa mbao juu ya mbao hupunguza gharama. Kabati lililosafirishwa zima na tupu ni nauli ya hewa. Mbuzi ya kukunia nazi na kinu huchukua nafasi ndogo na havipatikani kila mahali; godoro huchukua nafasi kubwa na huuzwa kila mji.

Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa takriban mita 5.9, upana 2.35 na kimo 2.39, ambazo ni kama mita za ujazo 33. Gari dogo lenye urefu wa mita 4.5 likiingizwa humo, nafasi inayobaki kwa urefu ni mita 1.4, yaani chini ya mita za ujazo 8, na sehemu ya hiyo huliwa na magogo na mikanda ya kulifungia gari. Kwa upana, gari la mita 1.7 huacha sentimita 65 kwa pande zote mbili, na dereva mara nyengine hulazimika kutokea dirishani. Kabla ya kukubaliana, gari na kontena vipimwe.

Njia nyengine ni meli ya kubebea magari, ambayo gari huingia kwa kuendeshwa. Njia hiyo mara nyingi ni nafuu kwa gari peke yake, lakini kwa kawaida makampuni hayakubali vyombo ndani ya gari. Mhamaji atake bei tatu kwa maandishi: gari na vyombo katika kontena moja, gari katika meli ya magari na vyombo katika kontena la kuchangia, na vyombo peke yake, gari likiuzwa. Kila bei ioneshe gharama za bandari zote mbili. Makontena mengi yanayotoka Malindi hupitia bandari kubwa zaidi, kama Mombasa au Dar es Salaam, na gharama za kuhamishia mzigo huko nazo zitajwe.

4. Orodha: karatasi moja yenye kazi nne

Orodha ya vitu iandikwe wakati kila kasha linapofungwa. Kuikumbuka baadaye usiku mmoja kabla ya safari hakutoshi. Kila kasha lipewe namba, na namba hiyo iandikwe pande mbili za kasha na katika orodha. Mbele ya namba viandikwe vilivyomo, idadi yake, hali yake na thamani ya kila kimoja. Maneno kama "vyombo mchanganyiko" hayafai.

Orodha hii ina kazi nne. Forodha huitumia kuamua msamaha. Kampuni ya bima huitumia kuthamini mali. Kampuni ya meli huitumia kuandika hati ya shehena. Na mwenye mali huitumia kudai pindi kitu kikipotea. Orodha pungufu huharibu kazi zote nne kwa pamoja.

Kwa gari, namba ya chesisi na ya injini zisomwe kwenye gari lenyewe, zisinakiliwe kutoka kadi tu. Tarakimu moja iliyokosewa katika hati yatosha kulizuia gari bandarini, kwa kuwa ofisa wa forodha ataona magari mawili: la kwenye karatasi na lililo mbele yake. Gari lenye deni la benki, au lililoingizwa nchini kwa msamaha wa ushuru, lisitolewe kabla ya ridhaa ya benki na maelekezo ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ndiyo inayosimamia forodha Visiwani.

5. Hati ya shehena na neno linaloweza kugharimu mali yote

Hati ya shehena ni stakabadhi ya mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa usafirishaji na, inapoandikwa kwa amri ya mpokeaji, ni hati ya kumiliki. Kwa kawaida hutolewa nakala halisi tatu. Mwenye kuonesha moja huweza kupewa mzigo. Kwa hiyo nakala hizo zisifungiwe ndani ya kasha linalosafiri, wala zisiachwe zote kwa wakala.

Hati nyingi hufuata Kanuni za Hague za 1924 au Kanuni za Hague-Visby za 1968, ambazo zilirekebishwa mwaka 1979. Kanuni hizo huweka kikomo cha fidia. Chini ya Hague-Visby zilizorekebishwa, kikomo ni vipimo 666.67 vya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila kifurushi, au vipimo 2 kwa kila kilo, kwa kuchukua kilicho kikubwa. Pale mzigo unapotiwa ndani ya kontena au kufungwa juu ya jukwaa la mbao, vifurushi huhesabiwa kama vilivyoorodheshwa katika hati. Visipoorodheshwa, kontena au jukwaa zima huhesabiwa kifurushi kimoja.

Irejewe familia ya mfano. Hati ikisema "shehena 1 ya vyombo vya nyumbani, kilo 860", kikomo ni kilo 860 mara 2, yaani vipimo 1,720. Hati ikisema "makasha 40 na sanduku 1, jumla vifurushi 41", kikomo ni 41 mara 666.67, yaani zaidi ya vipimo 27,300. Fidia haiwezi kuzidi thamani halisi ya kilichopotea, lakini tofauti ya vikomo hivyo viwili imetokana na idadi ya vifurushi kuandikwa au kutoandikwa. Mhamaji aitake rasimu ya hati kabla haijatiwa saini, na ahakikishe idadi imo.

Kanuni hizo hizo zinamtaka mpokeaji atoe taarifa ya uharibifu kwa maandishi anapopokea mzigo, au ndani ya siku 3 ikiwa uharibifu hauonekani kwa nje. Madai yasipofikishwa mahakamani ndani ya mwaka 1 hufa. Lakiri ya kontena ikaguliwe na namba yake ilinganishwe na hati kabla haijakatwa.

6. Bima na hasara ya pamoja

Bima ya shehena huuzwa kwa daraja tatu zinazojulikana kwa herufi A, B na C. Daraja C, ambalo ni rahisi kuliko yote, hulipa moto, kugongana, kupanda mwamba na mfano wa hayo, wizi haumo. Daraja A ndilo pana zaidi, ingawa nalo halilipi uharibifu uliotokana na ufungaji mbaya au kuchelewa. Makasha yaliyofungwa na mwenyewe aghalabu huwekewa mipaka kwa vitu vinavyovunjika, na jambo hilo liulizwe mapema.

Mwezi Februari 2022 meli ya Felicity Ace, iliyobeba magari yapatayo 4,000, ilishika moto karibu na visiwa vya Azores, ikazama tarehe 1 Machi. Mabaharia wote waliokolewa. Magari yote yalipotea. Gari lisilo na bima katika msiba wa namna hiyo humwachia mwenyewe madai marefu yenye kikomo kilichoelezwa hapo juu.

Kuna hatari nyengine isiyofahamika na wengi. Sheria ya bahari tangu zamani inasema kwamba chombo kikiokolewa kwa kutoa mhanga au kwa gharama maalumu, hasara hugawanywa kwa wote wenye mali chomboni. Hii ndiyo hasara ya pamoja, na hesabu yake hufuata Kanuni za York-Antwerp. Meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi 2021, ikiwa na makontena yapatayo 18,300, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja. Wenye mizigo iliyo salama kabisa walitakiwa kutoa dhamana kabla ya kukabidhiwa. Mwenye bima huandikiwa dhamana hiyo na kampuni yake. Asiye na bima hutakiwa kuweka fedha taslimu.

7. Vitu vya kutahadhari navyo

Gamba la ng'amba na pembe za ndovu zisifungwe kabisa. Biashara yake baina ya nchi imezuiwa na mkataba wa CITES wa 1973, na kitu cha urithi wa bibi kinaweza kukamatwa sawasawa na kipya. Matumbawe magumu na makombe makubwa ya kima yanahitaji vibali. Mti wa mpingo uliingizwa katika orodha ya mkataba huo Januari 2017; tangu Novemba 2019 vitu vilivyokwisha kutengenezwa vimeruhusiwa bila kibali iwapo mpingo wote katika shehena hauzidi kilo 10. Kinyago kimoja kitapita, seti ya viti haitapita. Milango ya kuchonga na vitu vya kale visisogezwe kabla ya kuulizwa Idara inayohusika na Mambo ya Kale.

Masanduku ya mbao mbichi yaliyogongwa kwa ajili ya safari nayo yana sharti. Nchi nyingi hutaka mbao zilizopashwa moto mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 za selsiasi kwa dakika 30, na zipigwe muhuri wa kimataifa, ili wadudu wasihamie misitu yao. Zisizo na muhuri hurudishwa au huchomwa kwa gharama ya mwenye mzigo.

Mitungi ya gesi, rangi na mafuta ya taa haviingii. Tangi la gari liachwe na petroli kidogo, na betri ifunguliwe waya kama kampuni itakavyoelekeza. Nguo na mikeka ikauke kabisa kabla ya kufungwa, kwani joto la mchana na baridi ya usiku baharini hufanya dari la kontena litoe jasho.

8. Kurejea nyumbani

Anayeondoka leo aijue sheria itakayomkuta siku ya kurudi, kwa kuwa maandalizi yake huanzia ugenini. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inamsamehe anayehamishia makaazi yake nchini ushuru wa vyombo vyake vya nyumbani na gari moja, awe amefikia umri wa miaka 18. Gari hilo liwe limemilikiwa na kutumiwa naye mwenyewe nje ya nchi wanachama kwa angalau miezi 12, bila ya kuhesabu siku za baharini. Basi la abiria zaidi ya 13 na gari la mizigo linalozidi tani 2 havimo. Mzigo ufike ndani ya siku 90 tangu mwenyewe alipowasili, au muda zaidi atakaoruhusu Kamishna, usiozidi siku 360.

Kwa hiyo gari liandikwe kwa jina la atakayerejea nalo, si la ndugu wala rafiki, na kadi, bima na risiti za miezi 12 zihifadhiwe. Aliyenunua gari miezi mitatu kabla ya kurudi hana msamaha wa kudai.

9. Mpangilio wa kazi

(a) Miezi mitatu kabla ya safari: kuuliza masharti ya gari na vyombo katika ubalozi au forodha ya nchi inayokusudiwa, kwa maandishi, na kuhifadhi jibu.

(b) Miezi miwili kabla: kuamua kinachobaki, kuomba vibali na msamaha wa ushuru, na kupata bei tatu.

(c) Mwezi mmoja kabla: kufunga makasha na kuandika orodha kwa pamoja, kupiga picha za gari pande zote nne, za chesisi na za kila kitu cha thamani.

(d) Siku ya kupakia: kuandika namba ya kontena na ya lakiri, na kuhakikisha bima imeanza kabla mzigo haujatoka nyumbani.

(e) Kabla ya meli kuondoka: kusoma rasimu ya hati ya shehena, yaani jina, anwani, namba ya chesisi na idadi ya vifurushi.

(f) Kabla ya meli kufika: kuwa na wakala wa forodha aliyesajiliwa katika bandari hiyo na kumpelekea nakala zote. Siku za bure za kuhifadhi kontena bandarini ni chache, na baada yake gharama huongezeka kila siku hadi kuweza kuishinda thamani ya vilivyomo. Mzigo usiotolewa huweza kuhamishiwa ghala la forodha na mwishowe kunadiwa.

Pasipoti, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, vyeti vya skuli, dawa, na nakala moja ya orodha visipakiwe melini. Visafiri mkononi mwa mwenyewe.